Samaki wakubwa hawapo bahari za joto tu

Wengi huamini kwamba mvuvi wa mshipi Uskoti ataambulia vibua tu, eti maji ni baridi mno. Si kweli. Mwaka 1993, karibu na Dunnet Head, rasi ya kaskazini mwa Uskoti, alinaswa papa wa kilo 230 hivi. Na kwenye vilindi vya Sound of Jura, mlangobahari wa magharibi mwa Uskoti, jirani kabisa na nchi kavu, yupo taa wa aina iitwayo flapper skate, samaki bapa anayeweza kupita mita 2 kwa urefu.

Ila huyo si kitoweo. Yuko hatarini kabisa kutoweka, yai lake huchukua takriban mwaka na nusu kuanguliwa, na sheria inataka arudishwe majini. Wavuvi humpiga picha mgongoni: madoa yake hayafanani na ya mwenzake, hivyo watafiti humtambua akinaswa tena.