Meneja wa Programu ya Utafiti: Maana ya Cheo Hiki Chuoni

Neno "programu" huwapoteza waombaji. Aliyesomea kompyuta akiliona katika tangazo la kazi la chuo kikuu hudhani anatafutwa mtu wa kutengeneza programu za simu, ilhali programu inayozungumziwa ni mkusanyo wa miradi kadhaa yenye shabaha moja, inayoendeshwa kwa miaka kadhaa kwa fedha za mfadhili mmoja au zaidi. Mradi mmoja unaweza kupima mbegu za uwele, mwingine ukachunguza soko lake, na wa tatu ukafuatilia lishe ya watoto katika kaya zinazoulima. Yote kwa pamoja ndiyo programu, na anayehakikisha kwamba haisambaratiki ndiye meneja wake.

Meneja huyo asichanganywe na mtafiti mkuu. Mtafiti mkuu, ambaye mara nyingi ni mhadhiri mwandamizi au profesa, ndiye mwenye swali la utafiti na ndiye anayewajibika kwa usahihi wa matokeo. Meneja hushika kalenda, bajeti, mikataba, vibali na taarifa za utekelezaji. Hana budi kujua kama masurufu ya wadodosaji waliokwenda Kongwa yamerejeshwa pamoja na stakabadhi zake, kibali cha utafiti kinachotolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ya Tanzania kinaisha lini, na, pale utafiti unapogusa afya ya binadamu, kama kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kimepatikana kabla ya dodoso la kwanza kujazwa. Wapo vyuoni wanaoiona kuwa kazi ya ukarani, hadi siku mfadhili anapozikataa hesabu.

Uzito wa cheo hiki huonekana vizuri katika mkoa kama Dodoma, ambao una msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Fedha za majaribio ya shambani zikikwama katika taratibu za manunuzi hadi mwishoni mwa Februari, hakuna msimu wa pili wa kufidia: mtama haukupandwa kwa wakati, mwaka wa utafiti umepotea, na huku miezi ya mkataba wa mfadhili inaendelea kuhesabika. Kwa maoni yangu, tangazo linalotanguliza idadi ya machapisho kuliko uzoefu wa bajeti na manunuzi limemtafuta mtu asiyehitajika. Mwenye shahada ya uzamili aliyewahi kusimamia miradi ya halmashauri anaweza kuimudu kazi hii kuliko mwenye uzamivu ambaye hajawahi kuandaa mpango kazi.

Aina ya ajira nayo isomwe kwa makini. Nafasi za kudumu katika vyuo vya umma hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, yenye makao yake papa hapa Dodoma, lakini nafasi za miradi mara nyingi hutangazwa na chuo chenyewe, kwa mkataba wa muda maalumu unaolipwa kutokana na ruzuku. Tangazo likisema kuwa mkataba utaongezwa kwa kutegemea utendaji na upatikanaji wa fedha, masharti hayo ni mawili, na la pili halimo mikononi mwa mwajiriwa peke yake. Ruzuku ikiisha kabla andiko jipya la kuomba fedha halijapata mfadhili, hata aliyefanya kazi vizuri atakabidhi ofisi, na ndiyo sababu mameneja wazoefu huanza kuliandaa andiko hilo wakati programu ya sasa ingali na mwaka mzima mbele yake.