Petard, Khedive Ismail na uamuzi wa Rupert Egan

Kila ninapofundisha somo la ulinzi wa misafara ya meli, swali la Khedive Ismail, meli ya askari iliyozamishwa na nyambizi mwaka 1944, halikosi. Wanafunzi wa Mombasa wamelisikia nyumbani, kwa babu zao au kwa wazee wa mtaa, na mara nyingi walichosikia ni hiki: manowari ya Mwingereza iliwatupia mabomu askari wetu waliokuwa wakiogelea kujiokoa. Jambo hilo lilitokea kweli. Lakini mtu akikomea hapo hatajua lilitokea kwa nini, na mimi niliyekaa miaka mingi mbele ya mashine ya sona, ile ya kutafuta nyambizi kwa sauti, kabla ya kushika chaki naona linaeleweka vizuri zaidi ukianza na namna sauti inavyosafiri ndani ya maji.

Kwanza hiyo manowari ya Mwingereza. HMS Petard ilijengwa Newcastle, Uingereza, ikaingia kazini Juni 1942. Ilikuwa destroya: meli ndefu, nyembamba, nyepesi, yenye kasi ya zaidi ya noti 30, yaani kilomita 55 hivi kwa saa, na isiyo na deraya ya kuitegemea. Kazi ya destroya katika msafara ni kulizunguka kundi la meli za abiria na mizigo, kusikiliza, na kuiwahi nyambizi kabla haijafyatua topido, bomu linalojiendesha ndani ya maji.

Kwa kazi hiyo Petard ilikuwa na sifa. Tarehe 30 Oktoba 1942, mashariki ya Bahari ya Mediterania, yenyewe na wenzake waliiandama U-559 ya Wajerumani kwa saa nyingi. Nyambizi ilishuka kina ambacho mabomu yao yalikuwa yakilipuka kabla ya kukifikia. Bomu la aina ile hulipuka kwa mgandamizo wa maji yanayoingia kwenye kilipuzi kupitia vitundu vidogo, basi mabaharia wa Petard wakaziba baadhi ya vitundu hivyo kwa sabuni ili maji yachelewe na bomu lizidi kuzama. Usiku U-559 ikaibuka ikiwa taabani. Luteni Anthony Fasson, baharia Colin Grazier na kijana wa kantini, Tommy Brown wa miaka 16, wakazitoa humo nyaraka za siri huku maji yakijaa ndani. Brown alinusurika, Fasson na Grazier wakazama nayo. Nyaraka hizo ndizo zilizowawezesha Waingereza, kuanzia 13 Desemba 1942, kuzisoma tena habari ambazo nyambizi za Wajerumani za Atlantiki zilizificha kwa mtambo wa Enigma, baada ya miezi kumi ya kutosoma kitu. Siku mbili baadaye Petard na destroya ya Wagiriki, Vasilissa Olga, zikaizamisha nyambizi Uarsciek ya Waitaliano karibu na Malta. Kati ya maadui watatu wakubwa, Petard ilikuwa bado haijazamisha nyambizi ya Mjapani tu.

Sasa sauti. Waingereza wa wakati ule waliita sona yao asdiki. Chini ya meli kuna kifaa kinachotoa mlio mkali, mlio unasafiri majini kama mita 1,500 kwa sekunde, ukigonga chuma unarudi. Ni kama kuita kisimani na kungoja mwangwi, ila hapa unapima muda: sekunde moja ya kwenda na kurudi ina maana kitu kiko mita 750 kutoka kwako. Msikilizaji hodari husikia zaidi ya hapo. Mwangwi ukirudi mwembamba kuliko mlio uliotoka, nyambizi inakujia. Ukirudi mnene, inakukimbia.

Taabu huanza ukiikaribia. Mlio wa asdiki hutoka kuelekea mbele, na ukifika mita 200 hivi kutoka kwenye nyambizi iliyozama, mlio unapita juu yake na mwangwi unakatika. Na mabomu yenyewe yanaporomoshwa kutoka tezi, yaani nyuma ya meli, au kurushwa pembeni, kwa hiyo ni lazima upite juu ya adui usiyemsikia tena, ukikisia amegeukia wapi. Bomu linashuka taratibu, kama mita 3 kwa sekunde. Lilikuwa pipa lenye kilo 130 hivi za baruti, lakini ili lipasue ubavu wa nyambizi lilipaswa kulipukia ndani ya mita chache tu. Wewe mwenyewe huwezi kupita polepole, maana mlipuko utakuvunja tezi. Halafu maji yanachafuka, na kwa dakika kadhaa asdiki husikia povu tu. Katika bahari za joto kama yetu lipo na jingine: joto la maji hubadilika ghafla kadiri unavyoshuka, na mlio ukifika kwenye tabaka hilo hupinda. Nyambizi inayojua kukaa chini yake inaweza kuwa karibu sana nawe usiisikie.

Nimerefusha hapa kwa sababu bila mambo haya yale ya 12 Februari 1944 hayahukumiki.

Tangu Aprili 1942, Wajapani waliposhambulia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, makao ya manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi yalihamishiwa Kilindini, bandari ya Mombasa. Mombasa ikawa mji wa kivita hasa, hata shule ya Allidina Visram ikageuzwa kituo cha kufumbua siri za mawasiliano ya Wajapani. Kufikia mwanzo wa 1944 manowari kubwa zilikuwa zimerudi Ceylon, na askari wetu nao wakapelekwa huko kwa ajili ya vita vya Burma. Msafara ulioitwa KR 8 uliondoka Kilindini mwezi wa Februari ukielekea Colombo: meli tano za abiria, yaani Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Ndani ya Khedive Ismail mlikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia, wauguzi wa kike na wanawake wengine wa huduma za jeshi.

Siku ile walinzi walikuwa watatu: krusa Hawkins, manowari kubwa kuliko destroya, na destroya mbili, Petard na Paladin. Hawkins ilikuwa meli kongwe ya wakati wa vita vya kwanza, iliyokusudiwa kupigana na manowari za juu ya maji. Waliobaki na masikio ya kuwinda nyambizi ni wawili, kwa meli tano.

Saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, topido mbili za nyambizi ya Wajapani, I-27, ziliipiga Khedive Ismail. Watu wengi walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Hebu fikiria askari aliye sitaha ya chini, ngazi imeinama, taa zimezimika, na mlangoni kuna msongamano wa watu. Meli nyingine zikatawanyika kwa kasi kama kanuni inavyotaka. Paladin ikateremsha mashua kuokoa. Petard ikaanza kuwinda.

Na I-27, chini ya Toshiaki Fukumura, ilikuwa imejificha chini ya watu waliokuwa wakielea.

Hapo ndipo mkuu wa Petard, Rupert Egan, alipolazimika kuamua. Mlipuko wa majini haumdhuru mtu kama wa hewani. Wimbi la mgandamizo hupenya mwilini mpaka likute penye hewa, yaani kwenye mapafu, matumbo na masikio, na mtu anaweza kufa bila kuwa na jeraha la nje. Egan alilijua hilo, mabaharia wake walilijua, na waliokuwa majini waliiona meli inakuja. Akaporomosha mabomu. Akarudi tena. Katika pita ya tatu I-27 ikaibuka.

Nimeulizwa mara nyingi kama alifanya sawa. Nasema alifanya sawa, na sisemi hivyo kwa wepesi. Paladin ilikuwa inaokoa watu, na destroya iliyosimama au kutambaa ni shabaha ambayo nahodha yeyote wa nyambizi angeipiga. Nyambizi ya aina ya I-27 ikitoka juu usiku ilikuwa na mwendo wa noti 23 na ushee, na meli zile za abiria zisingeweza kuikimbia. Petard ingengoja watu waokolewe kwanza, I-27 ingesogea chini ya tabaka la maji na mwangwi wake ungepotea kabisa. Zilibaki meli nne zenye maelfu ya watu.

Ninaowalaumu ni waliopanga msafara. Destroya mbili zikitangulia, ubavuni na nyuma hakuna anayesikiliza. Mtu yeyote aliyewahi kuchora duara la ulinzi kuzunguka meli tano anaona pengo hilo mara moja. Askari wale walistahili walinzi zaidi.

Hata baada ya kuibuka, nyambizi haikufa upesi. Makombora ya mizinga ya inchi 4 yalishindwa kuupasua mwili wake wa ndani. Paladin ilikwenda kuigonga, Egan akatoa ishara kuizuia, nayo ilipogeuka bawa la nyambizi, lile la kuongozea kina, likaipasua ubavu. Petard ikafyatua topido moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyopiga. Vita vilikuwa vimechukua saa mbili na nusu. Petard ikaikokota Paladin hadi Addu, kusini kabisa mwa Maldivi. Walikufa wanaume 1,220 na wanawake 77. Walionusurika ni wanaume 208 na wanawake 6.

Walioachwa baharini wana mnara. Majina ya askari wa Khedive Ismail yameandikwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Orodha zinatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na mtandaoni zinatafutika bure. Kama kwenu kuna babu aliyekwenda Keya, yaani jeshi la mkoloni, akapotea baharini, usianze na jina, kwa sababu makarani wa jeshi waliandika majina yetu kwa namna walivyoyasikia. Anza na tarehe ya kifo, 12 Februari 1944, na kikosi chake cha mizinga cha Afrika Mashariki, halafu soma orodha nzima kwa sauti ukiwa na mzee wa ukoo karibu. Sikio lake linaweza kulitambua jina ambalo jicho lako limelipita.