Selfi na sura halisi: dhana zinazowaumiza watu bure

Wengi huamini kwamba picha huonyesha uso wa mtu ulivyo, na imani hiyo ndiyo inayomfanya binti aliyejipiga selfi aanze kuichukia pua yake. Ukweli ni kwamba uwiano wa uso pichani hutegemea umbali. Simu iliyoshikwa mkononi huwa karibu mno, kwa hiyo pua, ambayo imetangulia mbele ya masikio na mashavu, hutoka kubwa kuliko ilivyo. Watafiti wa Marekani walikokotoa mwaka 2018 kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huionyesha pua ikiwa pana kwa takriban asilimia 30 kuliko iliyopigwa kutoka mita 1.5. Ni heri basi kuiegemeza simu mahali mbali, kutega kipima muda, kisha kukata kingo za picha, kuliko kwenda kumwona daktari wa upasuaji kwa kosa la umbali wa kamera. Tena tumeizoea sura yetu ya kwenye kioo, ambamo kulia huonekana kushoto, ndiyo maana picha isiyogeuzwa hutushtua ingawa rafiki zetu hawaoni chochote kigeni.

Husemwa pia kuwa kujipiga picha ni majivuno ya vijana wa leo. Lakini Mmarekani Robert Cornelius alijipiga picha huko Philadelphia mwaka 1839, na mpiga picha Samuel Fosso, aliyefungua studio mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13, alijipiga picha kwa filamu za kamera zilizobaki baada ya kazi ya wateja.

Dhana inayonikera kuliko zote ni kwamba ngozi nyeusi haipendezi pichani. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi kwa kufuata kadi za kampuni ya filamu ya Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Filamu ilipoboreshwa ili ionyeshe vizuri rangi za giza, msukumo mmojawapo ulikuwa malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani, ambao bidhaa zao za kahawia hazikuonekana vizuri pichani. Upungufu ulikuwa wa filamu, lakini lawama ikabebeshwa ngozi, na hadi leo wapo wanaojipaka mkorogo wakitafuta weupe wa pichani, ilhali baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo huharibu figo na inaweza kumfikia mtoto aliye tumboni.