Mtoto Anapochora Hofu Yake: Maelezo kwa Wazazi na Walimu wa Mkoa wa Mbeya

Kila inapokaribia tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, shule huandaa michoro na mashairi ya wanafunzi, na baadhi ya walimu sasa wanawaongoza watoto kueleza yanayowaogopesha kwa mtindo wa usurealisti, yaani sanaa inayochanganya vitu kama vinavyochanganyikana ndotoni. Kazi hizo zimeleta malalamiko. Wapo wazazi waliofika ofisini na daftari mkononi, wakidai kwamba mtoto aliyechora lori lenye meno likishuka mteremko wa Iwambi, au ukungu unaobisha hodi dirishani, amefundishwa ushirikina.

Si ushirikina, na tumelieleza jambo hili mara nyingi. Mtoto huyo anaishi kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, amesikia habari za malori yaliyokatika breki, na amewasikia watu wazima wakiwataja waliofariki huku wakidhani amelala. Hofu ya namna hiyo haina umbo, na kumtaka aieleze kwa maneno yaliyonyooka ni kumtwisha kazi ambayo hata sisi wakubwa inatushinda. Akiipa meno, magurudumu na jina, anapata kitu cha kukitazama, kukigeuza na hata kukichorea breki.

Usurealisti wenyewe ulianzia Paris, ambako mshairi André Breton alichapisha ilani yake mwaka 1924, na wenzake walikuwa na mchezo wa kukunja karatasi, kila mmoja akiongeza neno au kiungo cha mwili bila kuona alichoweka aliyemtangulia. Mchezo huo unafaa sana darasani, kwa kuwa hakuna mtoto anayebaki peke yake na zimwi lake. Lakini mzazi asidhani kwamba mambo haya ni mageni kwetu: mtoto anayejua kutegua kitendawili cha nyumba isiyo na mlango amekwisha kufikiri hivyo, na wachongaji wa Kimakonde wamechonga mashetani yenye viungo vilivyopinda kwa miongo kadhaa, nasi tunayaweka sebuleni.

Kwa upande wa ushairi, mwalimu aulize kama anayetega kitendawili: hofu yako ina miguu mingapi, inakula nini, inalala wapi? Vina na mizani visubiri. Mtoto akiandika kwamba giza limevaa koti la babu na linakohoa jikoni, ameandika ushairi, na asisahihishwe. Asiyetaka kuchora hofu achore anachotaka. Kumlazimisha ni kosa.

Tunasisitiza pia upande wa sheria. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa, na kifungu cha 13 kinakataza kumtesa au kumpa adhabu ya kumdhalilisha. Anayekiuka masharti hayo, kwa mujibu wa kifungu cha 14, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti; kwa hiyo, kurusha mchoro wenye jina la mtoto kwenye kundi la WhatsApp la wazazi si jambo la kufurahisha jamaa.

Baada ya mauaji ya watoto yaliyoutikisa Mkoa wa Njombe mwaka 2019, ni haki mzazi ashtuke akiona mchoro wa mtu aliyebeba gunia. Hata hivyo, mchoro peke yake si ushahidi. Usimhoji mtoto kama polisi. Mwambie tu, "Nisimulie," kisha uandike maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe. Maneno hayo yakionyesha kwamba anadhuriwa, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinakutaka utoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Unaweza kuanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Usiku, piga namba 116 bila malipo.

Mchoro usipohitajika katika uchunguzi, urudishwe kwa mtoto. Ni mali yake, na akitaka kuuchana, auchane.