"Mkaidi", "mtundu", "mpole": dhana potofu kuhusu uchunguzi wa mtoto wa awali

Fungua daftari la maendeleo ya watoto katika darasa la awali, uone kama hutakutana na maneno haya: mkaidi, mvivu, mpole, anajitahidi. Sasa uliza huyo mkaidi alifanya nini, lini, akiwa na nani. Daftari linanyamaza, kwa kuwa uchunguzi, yaani kumtazama mtoto na kuandika ulichokiona, haukufanyika.

Dhana: Mwalimu mzoefu humjua mtoto kwa kumtupia jicho tu.

Uzoefu husaidia, lakini pia hutufanya tuwahi kuhukumu. Linganisha maandishi mawili. La kwanza: "Hasikii, mkaidi." La pili: "Saa 3:20, ameketi mkekani nyuma. Nimemwita mara tatu, hakugeuka. Nilipomgusa bega aligeuka, akatabasamu, akaja." La kwanza linaishia kwenye adhabu. La pili linakufanya ujiulize kuhusu masikio yake.

Na una haki ya kujiuliza. Kwa watoto wa umri huu ni kawaida majimaji kujikusanya katika sikio la kati, hasa baada ya mafua. Mara nyingi hapatoki usaha wala hapana maumivu makali, na usikivu hupanda na kushuka: leo anaitika, wiki ijayo haitiki. Ndiyo maana watu wazima husema "anasikia anapotaka". Andika kwa siku kadhaa, umwite akiwa mbele na akiwa nyuma, darasa likiwa kimya na likiwa na kelele. Ukiona mtindo unajirudia, zungumza na mzazi ampeleke akapimwe masikio. Kupima ni kazi ya mtaalamu; yako ni kuona na kuandika.

Dhana: Mtoto mtulivu hana shida.

Hana shida kwako, pengine. Wanaopigania vizibo vya soda huchukua macho yetu yote, na yule wa pembeni humaliza muhula bila hata mstari mmoja kuandikwa juu yake. Kiwango kinachotakiwa Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, ila wengi wetu tunajua hali halisi. Hata ukiwa na watoto 80, chagua wanne kila asubuhi, bandika majina yao ukutani pale utakapoyaona: ndani ya siku 20 za masomo umewafikia wote.

Dhana: Asiyeongea darasani amechelewa kuongea.

Mfuate nje kwanza. Mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma anaweza kukaa kimya wiki nyingi akisikiliza Kiswahili cha darasani, kisha wakati wa uji ukamkuta anamsimulia binamu yake kwa Kisukuma mambo marefu kuliko ya mwalimu. Uchunguzi wa ndani pekee ungemwandika bubu. Akiwa kimya katika lugha zote, nyumbani na shuleni, hilo ni jambo jingine, na halifai kungoja.

Dhana: Anayecheza peke yake ana kasoro.

Mwaka 1932 Mmarekani Mildred Parten alieleza namna watoto wa awali wanavyocheza: peke yao, kwa kutazama wenzao, sambamba bila kushirikiana, hadi kucheza kwa pamoja. Watu wamezigeuza kuwa ngazi ambazo lazima zipandwe, lakini hata mtoto wa miaka mitano hujitenga akiwa na mnara wake wa kujenga. Cha kuangalia ni kama anaweza kujiunga anapotaka, na wenzake wanampokeaje.

Dhana: Herufi kinyume na mkono wa kushoto ni dalili mbaya.

Kugeuza *b* na *d* ni kawaida hadi kama miaka saba. Mkono wa kushoto uache ulivyo.

Dhana: Uchunguzi ni kazi ya mwisho wa muhula.

Orodha hakiki, ile ya kutia alama kwenye kila kipengele, inayojazwa yote Ijumaa ya kufunga shule hujazwa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu humng'ang'ania mtoto aliyekuudhi wiki hiyo. Mzazi naye hapokei vizuri neno "mkaidi". Mwambie, "Mama Neema, Jumanne nilimwita mara tatu hakugeuka. Nyumbani anaitikaje?" Huenda akakumbuka kuwa siku hizi Neema huongeza sauti ya redio.