Kabati lenye taa halimalizi umeme wa LUKU

Hapa Mtwara wengi wanakataa kabati la TV au kitanda chenye taa za ndani, wakiamini vitamaliza umeme wa LUKU. Si kweli, jamani. Taa hizo ni za LED: utepe wa wati 10 ukiwaka saa 5 kila usiku, uniti moja inafika siku 20 hivi. Hita ya maji ya wati 1,000 inaila kwa saa moja.

Cha kuogopa, hasa Shangani na Mikindani, ni hewa ya chumvi. Viungo vya nyaya hushika utandu wa kijani, mwanga ukaanza kucheza. Mwambie fundi aviunganishe kwa lehemu, kisha avifunike kwa silikoni. Na adapta isifungiwe pasipo tundu la hewa, inapata joto.