Pombe na ARV: anza na kidonge, chupa baadaye

Ukimuuliza mteja anayetumia ARV, yaani dawa za kupunguza makali ya VVU, "Unakunywa pombe?" umeshamfundisha jibu. Atasema hapana, mtaagana vizuri, na kiwango cha virusi kitabaki juu. Mimi huuliza: "Wiki iliyopita, kuanzia Jumatatu, ulikunywa nini, na kwenye chombo gani?" Baada ya hapo ndipo naingia kwenye maswali matatu ya AUDIT-C, dodoso fupi la kupima unywaji: mara ngapi, kiasi gani kwa siku ya kawaida, na mara ngapi vinywaji sita au zaidi kwa mkao mmoja. Kila jibu lina alama 0 hadi 4. Mwanamume akifikisha jumla ya 4, au mwanamke 3, tuna jambo la kuzungumza.

Lakini kabla ya kupunguza pombe, okoa dozi. Onyo la "usichanganye pombe na ARV" limeumiza wengi. Anayelisikia huacha dawa, pombe haachi: Ijumaa hadi Jumapili kidonge hakiguswi. Ukweli ni kwamba ARV za dolutegravir, tenofovir na lamivudine hazigombani na pombe kwa namna ya kumfanya mtu aruke dozi. Basi maelekezo ni haya: umekunywa, hujanywa, kidonge kinamezwa. Anayekunywa pombe jioni ahamishie saa ya kidonge asubuhi. Aliyesahau ameze anapokumbuka. Kama dozi inayofuata iko ndani ya saa 4, aisubiri hiyo, asimeze mbili kwa pamoja.

Halafu hesabu. Kipimo kimoja cha kinywaji ni gramu 10 za kileo. Zidisha mililita kwa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, gawa kwa 100, zidisha kwa 0.8. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inatoa gramu 20, kwa hiyo anayesema "mbili tu" amekunywa vipimo vinne. Pombe isiyo na lebo haihesabiki hivyo. Hapo tunahesabu vikombe vyake mwenyewe, kikombe kilekile kila siku. Aandike kabla ya kunywa kila kimoja. Hesabu ya kesho yake asubuhi siku zote hupungua.

Sehemu ninayoipenda ni mizani ya 0 hadi 10. "Kaka, kupunguza kuna umuhimu gani kwako?" Akisema 4, usiulize kwa nini si 9, maana atakupa visingizio. Uliza: "Mbona hukusema 1?" Sasa anajieleza mwenyewe: mtoto, kazi, pesa, tumbo. Nyamaza umsikilize, kisha umrudishie maneno yake na kumwomba lengo moja linalohesabika, kama siku tatu za wiki bila pombe. "Nitajitahidi" si lengo.

Anayeamka akitetemeka na kutokwa jasho mpaka apate ya kuzimua, usimwambie aache leo usiku. Degedege huweza kuja saa 6 hadi 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo siku ya pili hadi ya nne. Huyo anahitaji hospitali, usimamizi na thiamini (vitamini B1). Kumwacha na arosto yake nyumbani kunaweza kumuua.

Kuna dawa za kusaidia kuhusu pombe pia. Naltrexone ya miligramu 50 kwa siku hupunguza hamu, haigongani na ARV, na si lazima mtu awe ameacha kwanza. Haimfai anayetumia dawa za jamii ya afyuni wala mwenye homa kali ya ini. Disulfiram ni kinyume chake: aliyeimeza akinywa pombe ataugua vibaya, kwa hiyo simshauri nayo anayetaka kupunguza tu.

Mahali ambapo onyo la kuchanganya lina haki yake ni isoniazid ya kuzuia kifua kikuu. Pombe nyingi pamoja nayo huumiza ini kweli. Macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai au kichefuchefu kisichoisha: asimamishe isoniazid na afike kliniki siku hiyohiyo.